Kifua kikuu: vimelea vyote si sawa

Mtaa wa Phillips, kusini mwa jiji la Minneapolis nchini Marekani, ni makao ya Wasomali, Waoromo, Walatino na Wamarekani wa asili. Wengi wa wakazi waliotoka Pembe ya Afrika walipitia kambi za wakimbizi nchini Kenya, na baadhi yao wangali wakizungumza Kiswahili.

Mkazi wa mtaa kama huu anapogunduliwa kuwa na kifua kikuu, maswali mawili huzuka nyumbani kwake: ameupata wapi ugonjwa huo, na je, atapona? Sehemu ya jibu imo katika vimelea vyenyewe.

Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amevitambua vimelea vya kifua kikuu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha baadaye kwamba vimelea hivyo vina nasaba kadhaa. Nasaba ya kwanza imeenea kandokando ya Bahari ya Hindi. Ya pili, ambayo kundi lake kubwa huitwa Beijing, ina asili ya Asia ya Mashariki. Ya tatu hupatikana Asia ya Kusini na Afrika Mashariki, na ya nne imetapakaa Ulaya, Amerika na Afrika.

Je, tofauti hizo zina athari kwa mgonjwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Gambia ulieleza kwamba aina moja ya vimelea vya Afrika Magharibi huambukiza sawa na vingine, lakini waliovipata hawakuugua haraka kama wenzao. Mwaka huohuo, utafiti kutoka Vietnam ulionyesha kuwa vimelea vya nasaba ya nne vilihusishwa zaidi na ugonjwa wa mapafu kuliko homa ya uti wa mgongo.

Hata hivyo, kwa uhai wa mgonjwa, jambo zito zaidi ni usugu wa dawa. Vimelea visivyo sugu kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Vikiwa sugu kwa rifampisini, dawa zile za kawaida hazitoshi, na mgonjwa huhitaji dawa nyingine, zenye uangalizi mkubwa zaidi. Vimelea vya Beijing vimehusishwa na usugu huo, hasa Ulaya ya Mashariki na Asia ya Kati. Lakini daktari hakisii usugu kwa jina la nasaba wala kwa nchi alikozaliwa mgonjwa. Makohozi hupelekwa maabara yakapimwa.

Vinasaba hujibu pia swali la kwanza. Tangu mwaka 2004, Marekani imekuwa na huduma ya taifa ya kulinganisha vimelea vya wagonjwa. Vya wagonjwa wawili vikifanana kabisa, huenda maambukizi ni ya karibuni. Vikitofautiana, hawakuambukizana, hata kama ni majirani wa mlango kwa mlango.

Wataalamu wa afya wa Marekani wanakadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa nchini humo huugua kutokana na vimelea vilivyolala mwilini kwa muda mrefu, wakati mwingine miaka mingi, kabla ya kuamka. Kwa maneno mengine, mzee anayeanza kukohoa Minneapolis huenda alivuta vimelea hivyo katika nchi nyingine, zamani sana, bila kujua.

Kwa mtaa wa wahamiaji, habari hiyo ina uzito wake. Anayeficha kikohozi kwa kuogopa kunyoshewa kidole huchelewa kutibiwa, na huwaweka hatarini watoto anaolala nao chumba kimoja. Ilhali vimelea vilivyolala vinaweza kuangamizwa kabla havijaamka, kwa dawa za miezi 3 au 4.

Nasaba ya vimelea si nasaba ya mtu. Maabara huvichunguza vimelea ili mgonjwa apewe dawa inayomfaa, na majirani wajue ukweli badala ya uvumi.