Ziara ya Shambani: Anayeona, Anayeandika na Asiyealikwa

Hotuba kwa wanaharakati na waumini juu ya maombi ya ujenzi wa nyumba mashambani

Wachungaji na mapadre wetu, akina mama wa makanisa, vijana wa mageuzi, ndugu wananchi:

Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo, likisikika mara ya kwanza, ni dogo mno kwa watu waliozoea kujadili katiba na uchaguzi. Ni ile safari ya saa moja au mbili ambapo maofisa wa kaunti hutoka afisini wakaenda kukanyaga shamba ambalo mtu ameomba kulijenga nyumba na majirani wakapinga. Katika kazi yetu ya uwakili tumeona kwamba mashauri mengi ya namna hii huamuliwa pale pale shambani, kabla faili halijarudi mezani, na kwamba asiyekuwapo siku hiyo hupata habari kutoka kwa tingatinga.

Tuanze na swali la nani anayekuja, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Hadi mwaka 2013 idhini ya ujenzi ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya miji na ya kaunti. Sheria ya Mipango ya mwaka 1996 iliyapa mamlaka hayo, na waliofika shambani walikuwa madiwani pamoja na karani wao. Wazee walioketi hapa wanakumbuka udiwani wa siku zile ulikuwaje. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi mabaraza yaliyopewa ardhi za jamii kuzitunza kwa amana yalivyozigawa kana kwamba ni urithi wa baba zao.

Mabaraza hayo yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Leo, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, mwenye kutoa au kunyima idhini ni yule afisa wa serikali ya kaunti anayesimamia mipango, ambaye watu humwita waziri wa kaunti. Mwakilishi wa wadi hana kura katika ombi hilo. Kamati ya bunge la kaunti yaweza kuja kutazama baada ya wananchi kuwasilisha malalamiko, na ripoti yake yaweza kumwaibisha waziri, lakini haiwezi kufuta idhini. Tumewaona watu wakiimba na kupiga vigelegele mbele ya magari ya wawakilishi wa wadi, huku siku zao za rufaa zikiyeyuka. Kabla hamjapanga foleni ya kuwasalimu wageni, ulizeni: mmetumwa na nani, na mtampa nani taarifa yenu? (Tena kuna bodi ya udhibiti wa ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ambayo hushughulikia kugawanywa na kuuzwa kwa mashamba ya kilimo. Huo ni mlango mwingine wenye ufunguo wake, na leo hatutaufungua.)

Sasa tuhesabu siku. Sheria ya mwaka 2019 yamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi walete pingamizi. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, huhesabiwa kwamba amekubaliwa. Kifungu hiki kina wema wake, kwa kuwa humwokoa raia mnyofu dhidi ya afisi iliyolalia faili lake. Lakini tazameni kinavyofanya kazi palipo na mgogoro. Majirani wanapinga, ziara inapangwa, kisha inaahirishwa kwa kuwa gari halina mafuta. Inapangwa tena, inaahirishwa kwa kuwa mpima ardhi yuko likizoni. Majirani hufurahi, wakidhani kucheleweshwa ni ushindi. Siku ya 61 mstawishaji ana idhini ambayo hakuna mtu aliyeitia sahihi. Kwa hiyo anayepinga asiombe kuahirishwa bila sababu nzito, na kila ziara inapoahirishwa apeleke barua kukumbusha kwamba pingamizi lingalipo na linangoja jibu.

Uamuzi ukitoka, asiyeridhika, awe mwombaji au jirani mwenye maslahi, ana siku 14 kukata rufaa mbele ya kamati ya maafikiano ya kaunti, na kutoka huko aweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapa pana mtego mwingine. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 yaipa afisi ya umma hadi siku 21 kujibu ombi la hati. Ukingoja uamuzi utoke ndipo uombe taarifa ya ziara, afisi yaweza kukaa na ombi lako siku zote hizo bila kuvunja sheria, na ikikupa hati rufaa yako imekwisha oza wiki moja. Ombeni taarifa ya ziara siku ile ile ya ziara, kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Na ziara yenyewe iendeshwe vipi? Mahakama zetu zina uzoefu wa mambo haya. Kanuni zetu za mashauri ya madai, Amri ya 18, zamruhusu hakimu kwenda kukagua mali inayogombaniwa. Majirani zetu wa Uganda walikwenda mbele zaidi. Mwongozo uliotolewa na mahakama yao mwaka 2007 juu ya kesi za ardhi wataka pande zote, mashahidi na mawakili wawepo, mashahidi waruhusiwe kusema pale pale na kuhojiwa, yote yaandikwe, na aliyoyaona hakimu kwa macho yake nayo yaandikwe, pamoja na mchoro wa mahali ikibidi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Jicho la mwamuzi likiona kitu ambacho hakikuandikwa, jicho hilo limekuwa shahidi wa siri, na shahidi wa siri hapingwi na mtu.

Afisa wa mipango si hakimu, twakubali. Lakini Kifungu cha 47 cha Katiba chamtaka kila mwenye mamlaka ya utawala atende kwa haki na kwa utaratibu ulio sawa, na sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza yadai anayeathirika apewe taarifa mapema, asikilizwe, na aonyeshwe ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Ziara ya upande mmoja, hata kama imefanywa na afisa mwaminifu kuliko wote, yavunja mambo hayo yote matatu kwa asubuhi moja.

Tukisema upande mmoja, tunamaanisha mambo yanayoonekana. Maofisa wanafika katika gari la nani? Tunajua kaunti nyingine hazina magari, na mara nyingi ni mwombaji anayejitolea kuwabeba. Njiani kuna mazungumzo ya saa nzima ambayo hayataingia katika kumbukumbu yoyote. Wakifika huonyeshwa kona ile iliyo kavu na njia ile iliyochongwa jana. Kisha kuna chakula cha mchana. Hatusemi kila sahani ya nyama ni rushwa, ingawa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haichekeshwi na nyama. Twasema kwamba mwamuzi aliyekula kwa mmoja hawezi tena kuaminiwa na mwingine, hata akiamua kwa haki. Na jambo hili lipime pande zote. Parokia inayopinga mradi isiwaandalie maofisa chai na mandazi ukumbini wakati mwombaji amesimama nje ya lango. Maji ya kunywa yatosha, na yapewe wote.

Halafu majira ya mwaka. Kwa nini ziara nyingi hufanyika wakati wa kiangazi? Kwa sababu barabara zapitika. Sasa chukua nyanda za Kajiado na Machakos, penye ule udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Afisa anayefika Januari huona uwanja tambarare, mkavu, mzuri wa kujengwa nyumba hamsini. Yule mama anayechota maji pale aliona Aprili mahali hapo hapo pakiwa mto. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilitufundisha sote, hata sisi wa mjini, kwamba maji yana kumbukumbu ndefu kuliko hati miliki. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika kingo za mto, kati ya mita 6 na mita 30, zikipimwa kutoka pale gharika kubwa zaidi iliyopata kuandikwa ilipofika. Pale ilipofika! Nani ajuaye pale? Haliko katika mchoro wa mstawishaji. Liko katika kumbukumbu za wazee na katika alama ya tope juu ya ukuta wa shule. Basi mpelekeni afisa kwenye ukuta huo, mkapige picha mvua inaponyesha, mkaandike tarehe nyuma yake.

Vivyo hivyo njia za mifugo, chemchemi, mahali pa kutupa maji taka ya nyumba zile hamsini na umbali wake hadi kisima cha jirani, na upana wa barabara ambayo magari yote hayo yatapita penye watoto wa shule. Hayo ndiyo ya kuonyeshwa. Hasira yetu haionyeshwi, kwa kuwa afisa hawezi kuipima. Watu watano wanaojua mahali, kila mmoja na jambo lake moja, ni bora kuliko watu mia tatu wenye mabango. Ziara si mkutano wa hadhara wala si kikao cha kuamua; afisa akiulizwa pale pale atasemaje, na akajibu, amekosea, hata kama jibu lake limetupendeza.

Na sasa, ndugu zetu, tuseme neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Si kila nyumba mpya ni unyakuzi, na si kila pingamizi ni haki. Tumesoma pingamizi zilizoandikwa kwa lugha safi juu ya maji na barabara, na tulipokaa na waliotia sahihi tukasikia lingine: hawa wanaokuja si watu wetu. Nchi hii ilizika watu katika ghasia za miaka ya 1992 na 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na neno lililotangulia mioto ile lilikuwa hilo hilo, madoadoa na wageni. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Afisa hapaswi kulipokea pingamizi la kabila hata likiwa na sahihi elfu, na sisi hatutalitetea. Kanisa lina kazi hapa ambayo wakili hawezi kuifanya, kwa kuwa pengine mwombaji na mpinzani hupokea meza ya Bwana katika safu moja. Kabla ya siku ya ziara, mchungaji awakalishe chini awasikie, atenganishe la maji na la damu. La maji aliache lifike kwa kaunti.

Mwisho ni juu ya kalamu. Kila upande uwe na mwandishi wake, aandike saa ya kufika, waliokuwepo na vyeo vyao, gari waliloshukia, walipopita na wasipotaka kupita, nani alisema nini. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti kabla ya watu kutawanyika, na maofisa waombwe kuitia sahihi. Wakikataa, iandikwe kwamba walikataa. Karatasi kama hiyo, iliyoandikwa kwa penseli juu ya goti, ndiyo wakili hutamani kuipata mteja anapoketi mbele yake siku ya 12, zikiwa zimebaki siku mbili za rufaa.

Muda uliobaki ni wa maswali. Walio na barua za kaunti mikononi watangulie, nasi twaomba wasome kwanza tarehe iliyo juu ya barua.