Kontakti Zinaachana, Tao Linabaki: Namna Breka ya Hewa Inavyokata Mkondo wa Shoti



Mezani hapa mbele nimeweka chemba ya kuzimia tao iliyotolewa kwenye breka ya hewa ya ampea 1,600. Naomba ipite mkono kwa mkono wakati nikizungumza. Tazameni ndani: mabamba membamba ya chuma yamepangwa sambamba, yakiachana kwa milimita chache. Kingo zake za chini zimelika. Kwenye mabamba ya katikati kuna vitone vya shaba vilivyoganda, na ukuta wa pembeni umeingia weusi. Wengi wetu tunapofungua breka kwa matengenezo, chemba hii tunaiweka kando kama kifuniko na kukimbilia kontakti. Mada yangu inataka tuipe nafasi yake, kwa sababu mkondo wa shoti unamalizikia humu.

Ukubwa wa kazi

Tuchukue transfoma ya kVA 1,000 inayoshusha umeme kutoka kV 11 hadi volti 400, aina tunayoikuta nyuma ya viwanda, hospitali na hoteli. Ikibeba lodi kamili inatoa ampea 1,443 kwa kila fezi. Kama impidansi yake ni asilimia 5, shoti ya fezi tatu karibu na basiba itapandisha mkondo hadi karibu ampea 28,900, mara 20 ya lodi. Hesabu hiyo inachukulia kwamba laini ya kV 11 haina udhaifu wowote, kwa hiyo ni hali mbaya kuliko zote. Ndiyo tunayopaswa kuipangia.

Kilele cha kwanza cha mkondo huo kinaweza kufika ampea 60,000. Kwa kilele hicho, basiba mbili zilizoachana sentimita 10 zinapata nguvu ya karibu nyutoni 7,200 kwa kila mita ya urefu wake, sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 700. Breka inatakiwa ivumilie mshtuko huo ikiwa imefungwa, kisha ifunguke, kisha iendelee kufaa.

Tao linavyozaliwa

Yuniti ya kutripu ikitambua hitilafu, inaachia kiungo kidogo kilichozuia springi, na springi inavuta kontakti zinazosogea. Kontakti kuu, zenye aloi ya fedha ili zipitishe umeme bila kupata joto kubwa, zinaachana kwanza. Mkondo unahamia kwenye kontakti za tao, ambazo mara nyingi zina tangsteni kwa kuwa inastahimili joto: huyeyuka kwenye nyuzi 3,400 hivi za Selsiasi, wakati shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Nazo zinapoanza kuachana, eneo linalogusana linapungua hadi nukta chache. Mkondo wote unajibana kwenye nukta hizo, chuma kinayeyuka na kugeuka mvuke, na mvuke huo unapitisha umeme. Nafasi imeshafunguka, lakini mkondo haujakatika. Kati ya kontakti sasa kuna tao ambalo kiini chake kinaweza kupita nyuzi 10,000.

Kwenye volti 400 na mkondo wa maelfu ya ampea, tao lisilosaidiwa kufa linaweza kuendelea kuwaka huku likila kontakti na kutambaa kuelekea basiba. Kuongeza kasi ya springi peke yake hakutoshi. Lazima tao lihamishwe kutoka pale lilipozaliwa.

Breka inatumia nguvu ya mkondo wenyewe kulihamisha. Njia ya umeme ndani ya kila poli imepindwa kama kitanzi, na uga wa sumaku wa kitanzi hicho unalisukuma tao lielekee nje, juu ya vyuma vya kuongozea vilivyo pembeni mwa kontakti. Mabamba ya chuma kwenye chemba nayo yanalivuta, na gesi ya moto inapanda upande huohuo. Shoti inapokuwa kubwa, msukumo unakuwa mkali zaidi. Kinyume chake nacho ni kweli, nacho kinasahaulika: mkondo mdogo unasukumwa kwa unyonge, na tao lake linaweza kuchelewa kuingia chemba.

Ndani ya mabamba

Hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Hertha Ayrton, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya tao la umeme mwaka 1902, alionyesha kwamba tao likirefushwa linadai volti zaidi ili liendelee kuwaka. Lakini kurefusha tao peke yake kungetudai breka kubwa mno. Miaka ya 1920 Joseph Slepian, mhandisi Mmarekani wa kampuni ya Westinghouse, alishika njia ya kulikata tao moja liwe matao mengi mafupi yanayofuatana. Sababu ni kwamba kila tao, hata liwe fupi vipi, linapoteza volti kadhaa pale linapogusa chuma kwenye ncha zake mbili. Tuseme ni volti 25 kwa kila tao fupi. Mabamba 16 yanatoa nafasi 15, na nafasi 15 zinadai volti 375. Kilele cha volti 230 za fezi moja ni 325. Yaani chemba inadai volti nyingi kuliko ambazo fezi inaweza kutoa, na mkondo unalazimika kushuka.

La pili linatokea mkondo unapopita sifuri. Umeme wetu wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo hatusubiri zaidi ya milisekunde 10 kwa nafasi moja. Kwenye sifuri tao linanyimwa nguvu kwa muda mfupi sana, kisha volti zinarudi kwa upande wa pili na kujaribu kuliwasha tena. Slepian aliliona jambo hili kama mbio: nafasi iliyo kati ya vyuma inajijengea uwezo wa kuzuia umeme, na volti zinazorudi zinapanda. Mwenye kasi ndiye mshindi. Kila bamba linapogeuka kuwa upande hasi, elektroni zilizo karibu nalo zinafukuzwa kwa kuwa ni nyepesi, na ayoni chanya nzito zinabaki kama utando mwembamba usiopitisha umeme. Ndani ya mikrosekunde chache utando huo unaweza kuhimili volti 200 hivi. Nafasi 15 zikifanya hivyo kwa pamoja, volti zinazorudi kwenye mfumo wa volti 400 zinakuta ukuta. Wakati huo chuma baridi kinaendelea kunyonya joto la gesi.

Kwa hiyo bamba moja likianguka au likijipinda hadi kumgusa jirani yake, tumepoteza nafasi nzima pamoja na volti zake pande zote mbili za hesabu hii.

Matengenezo

Nimewahi kuitwa kiwandani kukagua paneli ambayo breka yake kuu ilikuwa inafanya kazi bila chemba kwenye poli ya katikati. Ilitolewa wakati wa usafi, ikabaki rafuni. Kwa lodi ya kawaida breka ilifunga na kufungua vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu kifaa hiki: upungufu wake haujionyeshi hadi siku ya shoti, na siku hiyo fundi anaweza kuwa amesimama mbele ya paneli.

Chemba ikaguliwe kila breka inapofunguliwa, na lazima baada ya kutripu kwa shoti. Hesabuni mabamba, tazameni nyufa, futeni masizi kwa kitambaa kikavu. Breka za zamani zinaweza kuwa na asbestosi kwenye kuta za chemba. Hizo zisipigwe msasa wala kupulizwa kwa kompresa. Vumbi la asbestosi huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Chemba ya namna hiyo pia hunyonya unyevu, na sisi tulio pwani tunajua paneli inavyolowa msimu wa mvua.

Kontakti kuu zipimwe ukinzani. Maikro-omu 20 kwenye ampea 1,443 zinatoa joto la wati 42. Zikifika 200, joto ni wati 416 ndani ya paneli iliyofungwa. Grisi ya mitambo hukauka, na breka iliyokaa miaka bila kufunguliwa inaweza kuchelewa siku inapohitajika. Ifungueni na kuifunga mara kadhaa kila mnapopata ruhusa ya kuzima.

Juu ya breka kuna nafasi ambayo mtengenezaji ameichora kwa milimita. Gesi inayotoka chemba bado ni ya moto na bado inaweza kupitisha umeme. Msipitishe kebo hapo. Kwa wenzetu walio kwenye viwanda vya chai vya milimani, breka nyingi zimehakikiwa hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya hapo hewa ni nyepesi, uwezo wake wa kuhami na kupoza unapungua, na viwango vya breka lazima vishushwe kwa jedwali la mtengenezaji.

Umeme wa DC

Namalizia na jambo linalokuja kwetu kwa kasi, yaani mitambo ya jua na betri. Mkondo wa DC haupiti sifuri. Mbio za Slepian hazianzi kabisa, na tunabaki na ile silaha ya kwanza tu: volti za matao mafupi lazima zizidi volti za chanzo hadi mkondo ulazimike kufa. Ndiyo maana baadhi ya breka zinaunganishwa poli mbili, tatu au nne kwa kufuatana kwenye DC, ili chemba zao zijumlishe volti. Kibandiko kinachosema volti 400 za AC hakitoi ruhusa yoyote kwa volti 400 za DC. Tafuteni kiwango cha DC, mchoro wa kuunganisha poli, na uwezo wa kukata shoti kwa kiloampea. Mtengenezaji asipoyaandika hayo matatu, breka hiyo isifungwe kwenye betri.