Kutu Chini ya Rangi Mpya: Kasoro ya Mali na Wajibu wa Anayeijua

(Darsa iliyotolewa mjini Kahama baada ya sala ya Alasiri, mbele ya waumini ambao wengi wao ni madereva, mafundi na wafanyabiashara)

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu, kwani nitazungumza juu ya kutu. Sikusudii kutu ya moyo, ambayo masheikh wetu wameieleza mara nyingi na kwa ufasaha kuliko niwezavyo mimi. Nakusudia kutu hasa, ile inayokula chuma cha chasisi ya tela hali mwenye tela anajisifu kuwa kanunua chombo kipya. Nimeombwa niizungumzie kwa sababu kabla ya kuketi mbele yenu na kitabu, nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mji huu huu kwa miaka mingi.

Mji wetu umekaa njia panda. Mzigo unaoletwa na reli kutoka bandari ya Dar es Salaam hushushwa Isaka na kupakiwa katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Mpunga na pamba yetu navyo hutoka kwa malori. Na tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, haja ya usafiri katika ukanda huu imezidi. Hivyo basi, aliyejaaliwa kupata fedha kwa kuuza ng'ombe, mpunga, au mgawo wake katika duara la wachimbaji wadogo, aghalabu fikra yake ya kwanza ni chombo cha kubebea mizigo.

Hapa tulitazame neno moja. Mtu husema, "Nimenunua tela jipya." Ukimchunguza utaona kuwa ni jipya kwake yeye tu. Mengi ya matela hayo yamekwishafanya kazi ughaibuni kwa miaka kumi au zaidi. Huko Ulaya ya kaskazini, na kadhalika kaskazini ya Japani, barabara hufunikwa na barafu wakati wa baridi, na watu wa huko humwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi hurushwa na matairi, yakaingia katika maungio ya chasisi, nyuma ya vishikio vya springi na ndani ya vyuma vilivyo wazi katikati kama bomba. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ndiyo maana mabamba mawili yaliyobanwa pamoja huvimba katikati, yakasukumana, hata ribiti zikakatika.

Nchi yetu kavu hutudanganya katika jambo hili. Mzee wa Shinyanga huacha jembe lake la ng'ombe uani kiangazi kizima, likaota kutu nyembamba inayofutika kwa mfereji wa kwanza wa msimu. Kwa hiyo tumezoea kuihesabu kutu kuwa ni uchafu wa juu. Kutu ya chumvi ni upungufu. Bamba lililotoka kiwandani na unene wa milimita nane laweza kubaki na tatu, na jicho lisitambue, kwa kuwa maganda ya kutu yamejaza pale palipokuwa na chuma. Tela hilo hilo ndilo litakalotwikwa mzigo, na gari na tela lake kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaweza kufikia jumla ya tani 56.

Sasa niwaeleze jambo ambalo kwa muda mrefu sikulieleza. Nilipokuwa kijana gerejini, liliingia tela lililofika kutoka ng'ambo. Juu lilikuwa zuri. Nilipolala chini yake na nyundo, nilikuta mhimili mmoja wa chasisi, karibu na miguu ya kusimamia, umeliwa kiasi cha ncha ya bisibisi kupenya. Nilimwambia mwenye gereji. Akaniagiza nipige brashi ya waya, nijaze puti, nichomelee kipande cha bati jembamba juu yake, kisha nipulize rangi nyeusi chini kote. Nikafanya. Ekseli nazo zilikuwa za zamani kuliko tela lenyewe, kibati chake cha namba kimeng'olewa, nazo nikazipaka rangi hiyo hiyo.

Mnunuzi alikuwa mzee mmoja wa vijijini aliyeuza ng'ombe na mpunga wa misimu miwili. Alizunguka tela mara mbili, akapiga tairi kwa teke kama tufanyavyo wote, kisha akanijia peke yangu akaniuliza, "Kijana wangu, chuma hiki kikoje?" Nikamjibu, "Mzee, kazi tumeimaliza vizuri." Ndugu zangu, neno lile halikuwa la uongo. Kazi tulikuwa tumeimaliza vizuri. Nami nilirudi nyumbani nikijiambia kuwa sikuuza kitu, muuzaji ni mwingine, mimi nimelipwa ujira wa siku yangu.

Haukupita mwaka. Chasisi ilikatika pale pale penye kiraka, tela likiwa limejaa mpunga. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakufa mtu, lakini utingo alivunjika mguu na hakutembea sawasawa tena, na mzee yule akauza ng'ombe waliosalia ili kulipa mzigo wa watu.

Miaka ikapita ndipo nikaisoma vizuri habari ya Swahaba Wathila bin al-Asqa', aliyekuwa miongoni mwa watu wa Suffa. Imamu Ghazali ameileta katika Ihya, na asili yake imo katika Musnad ya Imamu Ahmad. Mtu mmoja alimwuza ngamia jike kwa dirhamu mia tatu, na Wathila yupo mahali hapo lakini mawazo yake yapo kwingine. Alipozinduka, mnunuzi amekwisha kwenda na mnyama. Wathila akamfuata mbio akipiga ukelele, akamwuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupanda. Yule akasema ni wa kupanda. Wathila akamweleza kuwa mguu wa ngamia huyo una tundu ambalo yeye ameliona, na hataweza kuendelea na safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji ikambidi apunguze dirhamu mia. Muuzaji akamlalamikia Wathila kuwa amemharibia biashara yake. Naye akajibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), ambayo maana yake ni kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayekijua kukinyamazia.

Itazameni vizuri habari hii. Wathila hakuwa muuzaji. Hakuwa dalali wala hakulipwa. Alikuwa mtu aliyesimama pembeni akaona tundu. Kwa kuliona tu, ikamlazimu kukimbia. Basi nini hali ya fundi aliyelijaza tundu hilo kwa mkono wake, akaulizwa na mnunuzi uso kwa uso?

Tazameni pia kwamba biashara haikuvunjika. Bei ilishuka. Mnunuzi alipata ngamia kwa thamani yake ya kweli, na muuzaji akapata dirhamu mia mbili za halali. Madalali wetu husema kuwa ukitaja kasoro hakuna atakayenunua. Sivyo nilivyoona katika kazi yangu. Tela lenye mhimili mbovu lina mnunuzi, nalo lina bei, na bei hiyo ni ile inayomwachia mnunuzi fedha za kuubadilisha mhimili kabla hajapakia gunia la kwanza.

Wapo wanaojikinga kwa sharti la "kama lilivyo, pale lilipo", linalotumika sana minadani na katika zabuni za mitambo chakavu. Katika Muwatta ya Imamu Malik imo hukumu ya Sayyidna Uthman (r.a.) inayohusu jambo hili. Abdullah bin Umar (r.a.) alimwuza mtumwa, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo, kwa dirhamu mia nane, kwa sharti la kutodhamini kasoro. Mnunuzi akadai kuwa palikuwa na maradhi ambayo hakuambiwa. Uthman akaamua kuwa Ibn Umar aape kwamba hakuwa akijua lolote. Ibn Umar akakataa kuapa, na mtumwa akarudishwa kwake. Yaani sharti lile halikumfaa mtu ila awe tayari kuapa kuwa hakujua. Nani miongoni mwetu aliyepaka rangi chini ya tela ataweza kuapa hivyo?

Kwa upande wa mnunuzi, fiq-hi yetu imempa haki iitwayo hiari ya kasoro. Akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha mali na kuchukua fedha zake. Lakini wanavyuoni wa Kishafii wamesisitiza kuwa arudishe mara agunduapo, bila kuchelewa. Anayeuona ufa leo, akaendelea kupakia mpaka mwisho wa msimu ndipo adai, huwa amekwisha kuridhika nao. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Hata hivyo, aliyekagua mali kabla ya kununua asitegemee sheria kumlinda kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha.

Basi kagueni kwelikweli, na asione mtu haya kulala chini ya tela akiwa na kanzu yake. Chukua nyundo ndogo ugonge mhimili toka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Penye shaka sukuma bisibisi. Pitisha sumaku juu ya viungo, kwani penye puti nene haishiki. Ingiza mkono pale ambapo bomba la rangi halifiki, yaani juu ya ekseli na nyuma ya vishikio vya springi. Rangi mpya kabisa chini ya chombo cha zamani isikufurahishe, iwe ndiyo sababu ya kuuliza. Na ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT, mna tarakimu nne: ikiwa ni 3512, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012, hata kama limeoshwa likang'aa.

Kabla ya kumaliza, nayajibu maswali mawili yaliyoletwa kwa maandishi.

La kwanza, ndugu ameuliza kama wajibu huu upo pia mnunuzi asipokuwa Mwislamu. Upo. Wapimao kwa hila wametishwa katika Sura ya al-Mutaffifin, na humo hapakutajwa dini ya anayepunjwa. Nami sijui mhimili unaouliza dini ya dereva kabla ya kukatika.

La pili limetoka kwa kijana fundi. Anasema bosi wake humwagiza kupaka rangi, na akikataa atafukuzwa, naye ana mke na watoto wawili. Swali hili ni zito, na sitamjibu kwa wepesi, kwani njaa ya watoto naijua. Kupaka rangi si haramu, na kuchomelea kiraka si haramu. Kilichoharamu ni kuficha. Basi mwanangu, ifanye kazi, lakini mnunuzi ajapo usimpe maneno kama niliyompa mimi yule mzee. Mwonyeshe kiraka kwa kidole, mwambie chini yake pana nini. Ukifukuzwa kwa hilo, njoo hapa msikitini utuambie. Wapo humu wenye gereji, na wanasikia.

Ama yule mzee, nilimwendea baadaye na kumweleza kila kitu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Rangi niliiona ni mbichi, mwanangu. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuwa nimekuona msikitini Ijumaa." Nilimwomba aniruhusu nimjengee chasisi upya bila ujira. Akakubali, nami nikaifanya kazi hiyo kiangazi kile kwa chuma nilichonunua kidogo kidogo. Utingo naye nilimtafuta Katoro na kwingineko. Sijampata mpaka leo, na anayemjua utingo aliyevunjika mguu kwa tela la mpunga lililokatika namwomba anione baada ya darsa hii.

Wabillahi t-tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.