Kuchagua Kisu cha Kukerezea Feleji Ngumu



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini mbele ya feleji iliyotiwa ugumu kwa moto, fundi asiyechagua kisu huharibu kazi na kisu pia, na lori la mwenye mali hukaa bila faida.

Kwanza fundi na aipime feleji yenyewe. Akipitisha tupa nzuri, nayo ikateleza kama juu ya kioo, ajue kuwa kazi ni ngumu kweli. Penye chombo cha kupimia, ugumu husomwa kwa kipimo cha Rockwell C, na feleji ya namna hii huwa kati ya 45 na 65.

Visu vya feleji ya mwendo wa kasi, vilivyoonyeshwa Paris mwaka 1900, vyafaa chuma laini. Joto likipata digrii 600 hivi makali yake hulegea, na feleji ngumu huleta joto hilo upesi. Afadhali ncha ya kabaidi, ambayo Wajerumani walianza kuiuza katika miaka ya 1920. Hiyo yatosha mpaka ugumu wa 50 hivi, iwapo mashine ni imara, mwendo ni wa polepole, na kisu hakizamishwi sana. Isimwagiwe maji mara moja moja, maana ncha iliyo moto ikipozwa ghafula hupasuka.

Ugumu ukizidi hapo, ziko ncha za kauri, lakini hizo huvunjika zikigongwa na kazi yenye mfereji au matundu. Iko pia namna ngumu ya nitraidi ya boroni, iliyotengenezwa kwanza Marekani mwaka 1957. Bei yake ni kubwa, ila hudumu.

Je, mbona si almasi, ipitayo hizo zote kwa ugumu? Almasi ni kaboni, na chuma kilicho moto huinyonya kaboni hiyo hata makali yakaisha. Basi ugumu peke yake hautoshi. Kisu lazima kipatane na kazi.

Asiye na visu vya ghali asikate tamaa. Akiwa anatengeneza kipande kipya, na akikereze kingali laini, abakishe kama robo ya milimita, akitie ugumu, kisha akimalize kwa mashine ya jiwe la kusagia.