Njia ya Wakatekumeni
Maneno waliyoambiwa walimu na Wakristu jioni, kabla ya kushika njia ya kwenda Bukumbi



Mapadre, walimu, nanyi ndugu zangu wapenzi. Kesho alfajiri, baada ya Misa takatifu, tutaondoka kwa miguu, tukipita kanisa kwa kanisa hata tufike Bukumbi. Wengine wameniuliza, "Mwalimu, magari yapo na barabara ni ya lami. Mbona tujichoshe?" Swali hilo lataka jibu.

Mwezi wa Juni 1878 Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo. Padre Pascal akafa njiani mwezi wa Agosti, kabla hawajafika Tabora. Wenzake wakaendelea, na tarehe 30 Desemba wakafika Kageye, ukingoni mwa ziwa letu. Miezi sita na zaidi! Tena mizigo yao haikujiendea yenyewe; ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, watu ambao hatutaji majina yao katika sikukuu zetu. Kisha wakavuka ziwa kwenda Buganda, lakini mwaka 1882 wakalazimika kutoka huko, na mwaka 1883 wakajenga misioni Kamoga, katika nchi ya Bukumbi. Mwaka 1888 Mapadre walipofukuzwa Buganda, Bukumbi ndiyo iliyowapokea. Na hapo, mwaka 1890, Askofu Livinhac, mmoja wa wale waliotembea kutoka pwani, alimweka wakfu Padre Hirth kuwa Askofu. Basi misioni hiyo ilikuwa kwanza nyumba ya wakimbizi, ndipo ikawa mama wa makanisa.

Walakini Mapadre peke yao hawakuikanyaga njia hii ikawa njia. Kardinali Lavigerie aliweka sheria kwamba mtu asibatizwe mpaka ametimiza miaka minne ya kufundishwa na kujaribiwa. Miaka minne, ndugu zangu! Aliyekaa mbali na misioni alikwenda na kurudi, jua na mvua, akipita kwenye mbuga yenye tope jeusi linaloshika miguu. Wengine walibeba watoto mgongoni. Hawakupewa kitu mkononi. Walikuwa wakingoja maji ya Ubatizo. Njia tutakayoishika kesho ni njia ya watu waliongoja.

Leo tumekua. Vikarieti ya Mwanza iliyoitwa hivyo mwaka 1929 ikawa jimbo mwaka 1953, ikawa jimbo kuu mwaka 1987. Tumshukuru Mungu. Lakini je, sisi tunajua kungoja?

Yanipasa kuungama jambo mbele yenu. Mwaka mmoja nilikabidhiwa kuongoza watu wa kigango chetu katika hija kama hii. Nilitaka tuingie kanisani mapema, bendera mbele, waimbaji wakiimba, watu wa vigango vingine watuone. Bibi mmoja mzee aliketi chini ya mti kupumzika. Nilimwona, nikasema moyoni, atatufuata. Akafika usiku, peke yake, miguu imevimba. Nikamwambia, "Pole, Bibi, umechelewa." Akanijibu taratibu, "Mwalimu, mwanangu, mimi sikuchelewa. Ninyi ndio mliosahau kwamba tulitoka pamoja." Sikuwa na neno la kumjibu, wala sinalo hata leo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa kila kigango asitangulie, bali atembee nyuma kabisa na yule wa mwisho. Na waimbaji wajifunze kupunguza mwendo. Pili, mtu asizuiwe kwa kuwa hana fedha ya kununua sare. Nguo aliyo nayo yatosha. Tatu, katika kila kanisa tutakalofikia tuwaombee wapagazi, wakatekumeni na walimu waliolala katika Bwana, ambao makaburi yao yamefunikwa na majani.

Na tutakaporudi nyumbani, tusiache kungoja. Katika kila kijiji yuko mtu aliyeketi chini ya mti: mgonjwa asiyetembelewa, kijana aliyeacha mafundisho, mume na mke wanaoona aya kuja kanisani kwa sababu ndoa yao haijabarikiwa. Tumekwisha kuwaona. Tusiseme moyoni, watatufuata. Turudi nyuma, tukae nao kidogo, kisha tuwashike mkono.

Hii ndiyo sababu hatupandi magari. Mtu akiwa garini hamwoni aliyeketi njiani.

Bikira Maria, aliyekwenda kwa miguu milimani kumtembelea Elizabeti, atuombee. Mwende mkalale sasa, maana kengele italia mapema.