Nani Alisema Walistahili?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo siku hizi limehamia mitaani kwetu. Neno lenyewe ni "karma".

Nililisikia Gerezani, siku chache baada ya Novemba 16, 2024, siku lilipoporomoka jengo la ghorofa pale Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na makumi wengine walitolewa chini ya kifusi wakiwa hai. Nilikuwa nimekaa kwa fundi anayechomelea mageti. Kijana mmoja akasema, "Mzee, wafanyabiashara wa Kariakoo wametunyonya sana. Hiyo ni karma tu." Mama muuza chai akaweka birika chini, akamwuliza, "Na wale vibarua wa kubeba mizigo, mwanangu, wao walimnyonya nani?"

Kijana alinyamaza. Nami nilinyamaza, na jambo hilo limenisumbua tangu siku ile. Mimi ni Mkristo, na neno hilo halikutoka katika dini yangu. Lakini ukiazima jembe la jirani, ni vizuri ujue yeye analilimia nini.

Jirani mwenyewe hayuko mbali. Upanga, hapa hapa Dar es Salaam, lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa enzi za ukoloni na Wasinhala kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Wengi wetu tunapita bila kujua wanaamini nini. Tunachokijua ni kile kisanamu cha mzee mnene anayecheka, kinachowekwa madukani. Hata huyo si Buddha mwenyewe. Ni Budai, mtawa wa masimulizi ya Kichina.

Buddha wanayemfuata ni Siddhartha Gautama, aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata miaka 2,500 iliyopita. Masimulizi yanasema alilelewa katika jumba la kifahari, akafichwa kila jambo la huzuni. Alipotoka nje akamwona mzee, kisha mgonjwa, kisha maiti. Akaacha nyumba, mke na mtoto, akaenda kutafuta dawa ya mateso.

Alichokipata kinaitwa Kweli Nne. Kwanza, maisha yamejaa mateso. Pili, mateso huzaliwa na uchu, yaani kung'ang'ania vitu visivyodumu. Tatu, uchu huo unaweza kukomeshwa. Nne, ipo njia ya kuukomesha, yenye sehemu nane, zikiwemo usemi mwema, kazi halali na kuituliza akili. Mwisho wa njia hiyo ni nirvana, ambayo huifananisha na kuzimika kwa moto: moto wa uchu, wa chuki na wa upumbavu. Buddha hakujiita Mungu, wala hakufundisha habari za Mungu Muumba.

Sasa karma. Maana yake ni tendo, hasa lile linalotoka katika nia ya mtu. Mbuddha anaamini kwamba tendo huzaa matunda, katika maisha haya au katika maisha mengine baada ya kuzaliwa upya. Lakini sikiliza jambo hili. Katika maandiko yao ya kale ya lugha ya Kipali, mtu aitwaye Sivaka alimwuliza Buddha kama ni kweli kwamba kila raha na kila maumivu hutokana na matendo yetu ya zamani. Buddha alikataa. Akataja maradhi ya mwili, mabadiliko ya majira, uzembe na kushambuliwa na wengine. Matendo ya zamani aliyaweka kuwa sababu moja kati ya nane. Kwa hiyo kijana wa Gerezani alimsingizia hata Buddha.

Mimi kama Mkristo nakubaliana na Buddha kwamba uchu ni mwalimu mbaya. Anayeishi jirani na Kariakoo hahitaji kuhubiriwa sana juu ya hilo. Lakini hapo njia zetu zinaachana. Mimi naamini yupo Mungu aliyetuumba, na kwamba mzizi wa taabu yetu ni kumwacha yeye. Naamini mtu huishi mara moja. Wabuddha wa Theravada, dini ya wengi huko Sri Lanka, hufundisha kwamba hakuna awezaye kumtakasa mwenzake. Kila mtu atembee kwa miguu yake. Mfanyabiashara aliyechukua mali kauli akashindwa kulipa ataelewa kwa nini mimi nashikilia msalaba: deni langu lililipwa na mwingine. Tofauti hiyo ni kubwa, na sitaificha ili nionekane mwungwana.

Lakini kabla hatujamcheka kijana yule, tujitazame sisi wa kanisani. Ni mara ngapi baada ya ajali tumesema, "Ni adhabu ya Mungu"? Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka huko Yerusalemu ukaua watu 18. Yesu aliwauliza watu kama wanadhani marehemu wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageukia walio hai, akawataka watubu.

Siku ile Kariakoo, watu waliokimbilia kifusi hawakuuliza aliye chini ni mwema au mbaya, Mwislamu au Mkristo. Walisikia sauti, wakachimba. Mama muuza chai aliuliza swali lililonipasa mimi kuliuliza. Nikipita tena Gerezani nitamwambia hivyo.

Mpaka juma lijalo, kwaheri.