Heshima kwa Watunza Fedha za Elimu
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika mambo ya leo liko shauri kwamba Chama chetu kianze kutoa hati ya heshima kwa wale wanaosimamia fedha za karo za watoto wetu. Kamati imeniagiza nieleze jinsi jambo hili lifanyikavyo kwingineko, nami nimechagua nchi ya Marekani, kwa kuwa huko wako watu ambao kazi yao yote ni kusimamia fedha za elimu zitolewazo na Serikali Kuu, na chama chao cha taifa huwapa heshima wale waliotumika vema kupita wenzao.

Yapasa kwanza mjue asili ya fedha hizo. Kwa miaka mingi shule za Marekani zilitegemea sana kodi za nyumba na mashamba ya mahali zilipo. Mahali penye utajiri shule zilinawiri, na mahali penye umaskini zilidhoofika. Tarehe 11 Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari. Hakuitilia sahihi Ikulu. Alikwenda Texas, penye shule ndogo aliyosoma utotoni, na mwalimu wake wa kwanza, Bibi Kate Deadrich Loney, akaketi kando yake. Sehemu ya kwanza ya sheria hiyo hugawa fedha kwa kufuata hesabu ya watoto maskini, na katika mwaka 2023 fungu hilo peke yake lilipita dola bilioni 18.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1969 wanawake wawili, Ruby Martin na Phyllis McClure, walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba katika wilaya nyingi fedha za watoto maskini zilikuwa zikitumiwa kwa mahitaji ya shule zote. Mwaka uliofuata sheria ilikazwa: fedha za Serikali Kuu ziongezwe juu ya zile za wilaya, wala zisichukue mahali pake. Mfano wake ni mjomba akuleteaye shilingi za vitabu vya mtoto, nawe ukaacha kununua vile ulivyokuwa ukinunua siku zote, fedha zako ukazipeleka kwingine. Hesabu itaonyesha kwamba fedha za mjomba zilinunua vitabu kweli, lakini mtoto hakuongezewa hata kimoja.

Basi kazi ya msimamizi ni kuzuia hila ya namna hiyo. Huzipanga shule kwa kadiri ya umaskini wa watoto wake, huhakikisha kwamba mwalimu anayelipwa kwa fungu hilo anawafundisha watoto waliokusudiwa, hukutana na wazazi, na hungoja wakaguzi akiwa na karatasi zake tayari. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Mwalimu hukumbukwa na wanafunzi wake, lakini ni nani amkumbukaye aliyeandika hesabu?

Tena si kazi ya kalamu tupu. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza fedha za Serikali Kuu kupewa shule zinazobagua watu kwa rangi. Mwanzoni mwa Oktoba 1965 Kamishna wa Elimu, Francis Keppel, alizuia zaidi ya dola milioni 30 za mji wa Chicago, kwa ajili ya malalamiko kwamba shule za huko zilikuwa zikibagua. Meya Richard Daley, mtu mwenye nguvu katika chama cha Rais mwenyewe, alimlalamikia Rais, na kwa siku chache tu fedha zikafunguliwa. Muda si muda Keppel akaondoka katika cheo hicho. Mimi nasema mtu huyo alistahili heshima, ijapokuwa alishindwa.

Liko na jambo la Mississippi, ambalo nalitaja kwa sababu lina pande mbili. Katika kiangazi cha 1965 chama kimoja kilifungua vituo 84 vya watoto wadogo kwa fedha za mpango uitwao Head Start, na watoto kama 6,000 wakaingia. Wengi wa watumishi walikuwa akina mama Weusi wa vijijini. Wakubwa wa jimbo hawakupendezwa. Seneta John Stennis alikishitaki kwamba hesabu zake hazikuwa sawa, na ni kweli kwamba kasoro zilikuwamo. Zilitosha kumpa adui mlango. Fedha zilipokatika, akina mama waliendelea kufundisha bila malipo katika vituo vingi. Mabwana wa hazina zetu walitazame jambo hilo kwa makini: daftari safi ni ngome ya mnyonge.

Mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita, kwa nini mtu asifiwe kwa kutoiba? Swali hilo ni zuri, nami sina nia ya kulikwepa. Mwaka 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa elimu ya msingi ya bure hapa Kenya, na mwaka 2010 Marekani ikafanya vivyo hivyo, kwa sababu fedha zilionekana kupotea. Wapotezaji walijulikana magazetini. Lakini katika ofisi hizo hizo hapana budi walikuwamo makarani waliokataa kutia sahihi, na hakuna aliyewauliza habari zao.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba hati hiyo isitolewe kwa urefu wa utumishi, wala kwa ukubwa wa cheo, wala isizunguke kwa zamu kama kikombe cha mpira. Apewe yule ambaye wazazi wa watoto maskini wenyewe watamtaja, baada ya mkaguzi wa nje kupitia vitabu vyake. Na mwaka asipopatikana mtu, hati ikae sandukuni. Naleta hoja hii mbele yenu, na namwomba mjumbe mmoja aiunge mkono ili ipigiwe kura kabla ya chai.